Kwikwi Aliyelikalia Jaketi

Shangazi yangu anaitwa Kwikwi. Jina lake la kweli lipo, limelala kwenye kitambulisho salama salimini, halijawahi kusumbuliwa na mtu. Ukija bandarini ukaliulizia hilo, utazungushwa mpaka soli ya kiatu iombe msamaha. Sema "Kwikwi" tu, hata paka wa soko la samaki atakupeleka mlangoni.

Lilivyomganda ni hivi. Shangazi akiogopa, anashikwa na kwikwi. Na si ile kwikwi ya kistaarabu ya kufunika mdomo, la. Ni kwikwi ya kuruka na kiti. Sasa siku yake ya kwanza kazini, kwenye banda la boti ya uokoaji, wakampa redio ya upepo ajibu. Akabonyeza kitufe. "Hapa banda la boti, kwi! Nawapata vizuri, kwi!" Kisha akasahau kidole juu ya kitufe. Bandari nzima ikamsikiliza: tagi zote zinazovuta meli, ofisi ya forodha, meli zilizotia nanga huko nje. Kwi. Kwi. Kwi. Mwisho nahodha mmoja wa meli ya mbali akauliza kwa upole kabisa, "Samahani, huyo kuku anauzwa?"

Alipopita kununua mkate akirudi nyumbani, muuza mkate akamwambia, "Kwikwi, leo mzima au nusu?"

Imeisha hiyo. Hata mume wake alimposa kwa jina hilo. Mume mwenyewe alikuwa nahodha wa boti ya uokoaji, naye walimwita Taratibu, kwa sababu alikuwa anakula taratibu, anaongea taratibu, akikuanzishia kisa unaweza kwenda kuoga ukarudi ukamkuta bado kwenye "basi". Baharini tu ndiko alikokuwa mwepesi.

Sasa nieleze kazi ya Shangazi, maana hapo ndipo penye kisa chote. Banda letu ni la mabati, liko mwisho kabisa wa bandari. Boti inakaa juu ya reli zinazoteremka mpaka majini. King'ora kikilia, Shangazi anachomoa pini, boti inateleza yenyewe, chubwi. Ikirudi, anaivuta juu kwa winchi. Katikati hapo anakaa kwenye redio. Na jaketi za kuelea ni zake. Misumari saba ukutani, jaketi saba, na hakuna anayejichukulia. Yeye ndiye anakupa. Asipokupa, huendi. Baharini bosi ni nahodha, lakini pale kwenye misumari bosi ni yeye.

Na kuna sheria moja ya tangu zamani: nyumba moja, mtu mmoja. Hawapandi wawili wanaolala chini ya paa moja. Wanasema iliwahi kupotea boti yenye baba na wanawe, nyumba ikabaki hata wa kufungua mlango hakuna. Kwa hiyo kazi ya mtoa jaketi ni kuangalia nyuso na kukumbuka nani analala wapi.

Baba yangu ni mdogo wake Shangazi, kitinda mimba. Wazazi wao walitangulia mapema, kwa hiyo Shangazi ndiye aliyemlea: kamwogesha, kamchapa, kamnyoa upara wa kulazimishwa. Alipoolewa, Baba alikwenda naye kama begi. Akakulia kwa Taratibu, na Taratibu akamfundisha boti. Walipishana zamu, leo shemeji, kesho yeye, ili sheria isivunjwe. Baba nafasi yake ilikuwa mbele kabisa ya boti, na mti mrefu wenye kulabu, kazi yake kusukuma chochote kinachotaka kuigonga boti.

Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwa Shangazi na kwa watu waliokuwepo. Baba ukimuuliza, anawasha mashine ya kunyolea. Yeye ni kinyozi siku hizi. Utauliza weee, utajibiwa na mashine.

Asubuhi ile upepo ulikuwa umekesha unapiga. Meli ya mizigo, imesheheni magogo mpaka juu ya sitaha, ikazimika injini, ikasukumwa taratibu kuelekea mwamba mmoja nje ya bandari tunaouita Jino. Ikapanda juu ya Jino ikakwama, imeinama ubavu, mabaharia wamepanda juu ya chumba cha usukani wanapunga mashati. Kutoka bandani uliwaona kwa macho yako.

King'ora kikalia. Wakaja mbio. Taratibu wa kwanza, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Wengine wakaingia mmoja mmoja, Shangazi anatoa jaketi, anatoa jaketi. Wakafika sita. Wa saba, mtu wa mbele wa zamu hiyo, alikuwa fundi rangi, na fundi rangi alikuwa kaanguka ngazini juzi yake, mguu kwenye plasta.

Ndipo Baba akaingia, anahema, shati kalivaa nje ndani.

"Dada, nipe."

"Huendi."

"Mbele hakuna mtu, nipe jaketi!"

"Shemeji yako anakwenda. Nyumba moja, mtu mmoja."

"Mimi si wa nyumba yenu! Mimi nalala tu pale!"

"Unalala, unakula, na soksi zako nafua mimi. Na zinanuka. Wewe ni wa nyumba yangu."

Wenzangu, watu walicheka. Mama muuza chai ameniapia kwamba walicheka, na bahari inaunguruma hivyo. Baba akamgeukia Taratibu. "Shemeji, mwambie mkeo."

Taratibu akamtazama mke wake. Huyo mtu wa maneno mengi ya polepole, siku hiyo akasema moja tu. "Jaketi ni zako, Kwikwi."

Baba akaruka kulichukua la saba msumarini. Shangazi akawahi, akalivuta, akalitupa kwenye benchi na akalikalia. Mzima mzima. Baba akaingiza mkono chini yake kulichomoa, na hapo Shangazi akamng'ata. Kwenye kifundo cha mkono, mpaka damu.

Nisimame hapa kidogo. Baba ana kovu kwenye kifundo cha mkono. Miaka yote ya utoto wangu nilijua ameng'atwa na mbwa. Niliogopa mbwa kwa sababu ya kovu lile! Kumbe mbwa mwenyewe ndiye alikuwa ananipikia uji.

Shangazi akapiga kelele, "Chomoeni pini!" Mtu akachomoa. Boti ikateleza na watu sita.

Akashika redio huku bado amekalia jaketi, na Baba amesimama mbele yake anavuja damu. Kwikwi zimeshamshika.

"Kwikwi, upo?" Sauti ya Taratibu, na upepo nyuma yake.

"Nipo, kwi!"

"Endelea hivyo hivyo. Nikiisikia kwikwi yako najua redio haijafa."

Watu bandani wameganda mlangoni. Boti inaonekana, haionekani. Inapanda juu ya wimbi kama kiberiti, inadumbukia, mnahesabu pumzi, inatokea tena. Ikaifikia meli. Ikajaribu kusogea ubavuni, ikarudishwa. Ikajaribu tena.

"Kwikwi."

"Kwi! Nipo."

"Magogo yamekatika kamba. Yanaanguka majini huku. Ni mengi." Kimya, mlio, kisha, "Nazunguka upande wa pili. Macho mbele jamani, macho mbele!" Na halafu si kwa ukali, ila kama mtu anayejikumbusha kitu: "Mbele hakuna mtu."

Kila aliyekuwa bandani alisikia. Baba alisikia.

Boti ikashuka nyuma ya wimbi. Wakasubiri. Wimbi likapita, likaja jingine. Mama muuza chai anasema magogo yalionekana, meusi, yanacheza juu ya maji, na kati yake walidhani wanaona rangi ya boti, wakapiga vigelegele, kumbe ni tumbo la boti, imepinduka.

Shangazi alikaa kwenye benchi haangalii. Kidole kwenye kitufe. Kwi. Kwi. Kwi. Anaipeleka redioni ili Taratibu ajue redio haijafa. Hakuna aliyemwambia aache. Tagi zote zikanyamaza, meli zote zikanyamaza, chaneli nzima wakamwachia. Mpaka mchana, bahari ilipolegea, na tagi kubwa ikatoka, ikawashusha mabaharia wa ile meli wote wazima, hata aliyekwaruzwa hakuna. Meli haikuvunjika. Wangekaa tu pale juu kusubiri, wangekuwa salama vilevile. Lakini asubuhi ile nani angejua?

Sita wetu hawakurudi. Wawili ndio bahari iliwatoa baadaye, na Taratibu hakuwa mmoja wao.

Kwikwi ilikatika wakati tagi inatia nanga. Haikumrudia tena. Jina likabaki bila mwenyewe.

Baba alihama nyumba siku ile ile, na nguo alizovaa. Tangu hapo hakusema na dada yake neno. Si kwamba walikimbiana, mji wenyewe mdogo, utakimbilia wapi? Walikuwa wanakula meza moja kila sikukuu. Mimi ndiye nilikuwa redio yao. Nimerithi jina la bibi, mama yao, kwa hiyo wote wawili wananiita "mama".

"Mama, muulize shangazi yako kama chumvi iko huko."

Chumvi iko mbele ya Shangazi! Anaisikia! Na Shangazi naye, "Mama, mwambie baba yako iko." Halafu inapita mikononi mwangu. Mimi mtoto nilidhani ni mchezo. Nilikuwa naongeza na ya kwangu: "Shangazi, Baba anasema umependeza." Baba anakohoa, chai inamtoka puani.

Lakini mezani nilikuwa namwona Baba anavyomwangalia Shangazi akiwa ameinama. Mtu anayeamini kwamba kama angekuwa mbele na ule mti, gogo lililoipindua boti angelisukuma. Na Shangazi aliendelea na kazi, wakaletewa boti mpya, jaketi mpya. Lile la saba la zamani halikurudi msumarini. Liko pale pale kwenye benchi, bapa kama chapati, limekuwa mto wake wa kukalia. Ukiligusa anakuangalia mpaka unaomba radhi bila kujua kosa.

Sasa, mimi nikajiunga na boti.

Sikumwambia Baba. Shangazi ndiye alinifunza, akanipa nafasi niliyoiomba, ya mbele. Baba alijuaje? Kwa sababu mwanaye hana akili, alipiga picha na mti wenye kulabu akaiposti. Mteja akamwonyesha simu katikati ya kunyolewa: "Huyu si binti yako? Kapendeza, ee?" Nilirudi nyumbani nikamkuta mezani. Akasema, "Kula." Basi. Wiki nzima ilikuwa "kula" na "lala". Nilitamani anipigie makelele.

Halafu asubuhi moja upepo ukaamka vibaya na king'ora kikalia. Meli ya mizigo, ndogo, ya magunia ya saruji, injini imekufa. Inasukumwa. Kuelekea wapi? Jino. Mwamba ule ule. Tagi imetoka lakini iko mbali, upande wa pili wa ghuba.

Nilikimbia mpaka nikasahau kupumua. Bandani Shangazi anagawa jaketi, uso wake wa chuma. Alikwisha kunishikia la kwangu. Nanyoosha mkono, mlango unapigwa teke.

Baba. Ameshika mkasi. Nyuma yake mteja, kitambaa shingoni, kichwa nusu kimenyolewa nusu msitu, maana naye kakimbia tu, hata sijui kwa nini.

Baba hakuniangalia. Alimwangalia dada yake.

"Dada," akasema.

Wote bandani wakageuka. Hata mimi mkono ulibaki hewani.

"Dada, likalie."

Shangazi alilishika lile jaketi kifuani.

"Nyumba yenu leo imetoa nani?" akauliza.

"Hakuna. Ni huyu tu. Ninaye huyu tu."

"Basi sheria haijavunjwa."

"Nakuomba. Likalie. Kama ulivyonifanyia mimi."

"Kwikwi, tunachelewa," akasema Bonge, nahodha wetu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua mtu wa mwili ule anayo.

Shangazi akaendelea na mdogo wake. "Siku ile unajua nilifanya nini? Niliogopa. Nilikuwa na watu wawili tu duniani na mmoja alishavaa. Sheria ilikuwa upande wangu, nikajificha nyuma yake. Isingekuwepo ningekukalia wewe mwenyewe. Leo haiko upande wako."

"Na asiporudi?"

"Asiporudi utanichukia ukiwa na haki. Lakini mbele hakutakosa mtu."

Akanirushia jaketi. Nikafunga mkanda vibaya. Baba akaja. Nikajua ananivua. Akautoa mkanda, akaufunga upya, akaukaza mpaka nikaguna, kisha akarudi nyuma.

Shangazi akachomoa pini.

Sitawadanganya, wenzangu. Wale mnaoniita jasiri kwenye maoni, mngeniona. Nilikuwa nalia na kamasi juu, na wimbi linaniosha bure. Nje ya ukuta wa bandari bahari haina tena umbo, ni kupanda na kudondoka tu. Jino unalisikia kabla hujaliona, linavuta maji na kuyatema. Na ile meli imeshalikaribia, inayumba, mabaharia wanne wananing'inia kwenye ngazi ya kamba.

Bonge akaisogeza boti. Ubavu wa meli unakuja juu yetu kama ukuta wa nyumba. Nikaweka mti, nikasukuma kwa mwili wote, miguu inateleza. Wa kwanza akaruka. Tukarudi nyuma. Tena. Wa pili. Mara ya tatu mti ulinitoka kidogo, chuma kikakwaruza chuma karibu na goti langu, nikaupata, nikasukuma mpaka nikahisi kitu kinakatika begani. Wa tatu. Wa mwisho akabaki kwenye ngazi, macho yamemtoka, haruki. Kaigandia kamba kama kupe.

Redio ikakwaruza. Na katikati ya upepo wote ule nikasikia:

"Hapa banda la boti. Kwi!"

Boti nzima tuligeuka. Bonge usukani mkononi, mdomo wazi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia kwa masikio yake. Tulikuwa tunaijua kama hadithi tu.

"Nawapata. Kwi! Niambieni. Kwi!"

"Nani kafuga kuku?" akafoka Bonge, huku machozi yanamtoka, mjinga yule.

Halafu kwenye redio sauti nyingine, ya mtu asiyejua kushika kitufe, inakatika katika. Baba. "Mbele... mbele kuna mtu?"

Bonge akaniangalia. Akabonyeza. "Mbele kuna mtu, mzee. Anatukana, lakini yupo."

Na kweli nilikuwa namtukana yule baharia wa nne, matusi ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama zenu wanasoma. Akaruka. Nadhani kwa aibu. Tukageuza, na tukawa bado tunasikia nyuma yetu meli inapanda juu ya Jino, sauti kama mlango mkubwa wa chuma unafungwa polepole. Kwikwi zikatusindikiza mpaka ndani ya ukuta. Kwi. Kwi. Redio haijafa.

Tulipofika chini ya reli, nilitazama juu bandani. Winchi wanaivuta wawili. Shangazi upande mmoja, Baba upande wa pili, na mteja nusu upara anawapa moyo.

Nilipofika juu Baba aliniacha tu nisimame mbele yake. Akanigusa bega linaloniuma, nikasema "Aah!", akasema, "Kula vizuri." Halafu akatafuta pa kukaa. Akaelekea benchi, akaliona lile jaketi bapa, akasita.

"Kaa," Shangazi akamwambia. "Kwi! Ni lako."

Akalikalia.

Sitasema kwamba siku ile ilifuta kitu. Taratibu hajarudi, na wale wengine watano hawajarudi, na Baba hajamwomba dada yake msamaha wala dada yake hajamwomba yeye. Bado hawajui waongee nini. Juzi mezani walikaa kimya, nikanyoosha mkono kupitisha vitu kama kawaida yangu.

"Dada," akasema Baba, "chumvi."

Shangazi akamsukumia kikopo. "Utakufa na presha."

Mimi redio nikabaki sina kazi.

Sasa zamu yenu, nimeongea sana. Kwenu ni nani aliyezuiwa kwenda mahali, na aliyemzuia walimfanya nini? Au kama hilo ni zito, nipeni jina la utani la aibu kuliko yote kwenye ukoo wenu na lilivyoganda. Andikeni hapo chini. Namsomea Shangazi, na akicheka sana, siku hizi ile kwikwi inamrudia.